Lami imefika Inyonga, mtihani sasa ni barabara za vijijini

KWA miaka mingi, msafiri aliyetaka kutoka Mpanda kwenda Tabora na kuendelea hadi Dar es Salaam wakati wa masika alikuwa na njia chache za kuchagua. Mto Koga ulipofurika, mabasi hayakupita. Aliyeweza kungoja alipanda treni ya reli ya Kaliua, na aliyekuwa na haraka alizunguka kwa Sumbawanga na Mbeya. Inyonga, iliyo katikati ya njia hiyo, ikawa mji wa kusubiri maji yapungue.

Hali hiyo imebadilika. Barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda, yenye urefu wa kilomita zipatazo 343, ilifunguliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2022. Inyonga, ambayo ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele tangu Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, sasa inafikika masika na kiangazi.

Hata hivyo, lami hiyo imeleta swali jipya, ambalo huenda ni gumu kuliko lile la kwanza. Fedha za kujenga barabara kuu zilipatikana. Je, zitatoka wapi fedha za kuzifikisha kwenye barabara hiyo kata kama Ilunde, Utende, Kamsisi na Nsenkwa?

Ili kulijibu swali hilo, ni vyema kutazama jinsi barabara kuu yenyewe ilivyopatikana. Ilikuwa ahadi ya muda mrefu, ikapitia upembuzi yakinifu na usanifu wa kina, ndipo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha fedha mwaka 2015. Mkopo huo ulikuwa sehemu ya programu ya zaidi ya dola milioni 300 za Marekani, iliyojumuisha pia barabara ya Mbinga–Mbamba Bay mkoani Ruvuma. Kazi ikagawanywa katika sehemu tatu: Usesula–Komanga, Komanga–Kasinde na Kasinde–Mpanda. Tangu fedha kuidhinishwa hadi utepe kukatwa, ilipita takriban miaka saba.

Benki ya aina hiyo hukopesha kwa barabara inayounganisha mikoa na nchi. Tabora–Mpanda ina sifa hiyo, kwa kuwa inaelekea Ziwa Tanganyika, ambako serikali imejenga bandari ya Karema inayotazamana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Barabara ya udongo inayotoka ghala la tumbaku kijijini hadi Inyonga haina sifa hiyo. Haiunganishi nchi na nchi. Inaunganisha mkulima na mnunuzi. Kwa sababu hiyo, hutegemea zaidi mfuko wa ndani.

Mfuko huo ni Mfuko wa Barabara, ambao sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na tozo ya mafuta. Kwa utaratibu uliodumu kwa muda mrefu, asilimia 70 ya mgawo huo huenda kwa Wakala wa Barabara, TANROADS, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. TANROADS inasimamia kilomita zipatazo 36,000. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, unasimamia zaidi ya kilomita 144,000. Kwa maneno mengine, mwenye mtandao ulio mkubwa takriban mara nne ndiye aliyepewa fungu dogo.

Wapo wanaotetea mgawo huo. Hoja yao ni kwamba barabara kuu hubeba magari mengi na mazito zaidi, na kilomita moja ya lami hugharimu fedha nyingi kuitunza. Hoja hiyo ina uzito. Lakini serikali yenyewe ilikiri upungufu uliopo pale ilipoongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kuanzia Julai 2021 kwa ajili ya barabara za TARURA. Nyongeza hiyo imesaidia, ingawa imegawanywa nchi nzima, na wilaya yenye misitu mikubwa, watu wachache na vijiji vilivyotawanyika kama Mlele haiwezi kushindana na miji kwa wingi wa magari.

Mlele ni nchi ya asali, tumbaku na mahindi. Asali huweza kungoja barabara ikauke. Tumbaku iliyolowa hupoteza daraja, na mahindi hununuliwa kwa bei ya mwenye lori. Kalvati moja likisombwa na maji, anayelipa gharama ni mkulima, ambaye mnunuzi humkata bei kwa kisingizio cha ubovu wa njia. Mama mjamzito anayehitaji kufikishwa hospitalini hana hata huyo wa kupatana naye bei.

Aidha, suala la nani apange kazi zipi zitangulie halijatulia. Kabla ya mwaka 2017 halmashauri ndizo zilizosimamia barabara hizo. Tangu zilipohamishiwa TARURA, madiwani katika wilaya mbalimbali nchini wamekuwa wakilalamika kwamba wao ndio wanaoulizwa na wananchi ilhali uamuzi wa fedha hauko mikononi mwao. Wakati huohuo, ushuru wa mazao, ambao ni chanzo muhimu cha halmashauri za wakulima, ulishushwa katika mwaka wa fedha 2017/2018 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, lakini uwezo wa halmashauri kuchangia greda na kifusi ukapungua.

Hata lami yenyewe haipaswi kusahauliwa. Barabara ya aina hiyo husanifiwa kudumu miaka 20 hivi, kwa sharti kwamba mitaro inazibuliwa, viraka vinazibwa mapema na mizani inafanya kazi. Malori ya Karema yakizidisha uzito bila kudhibitiwa, barabara itachakaa kabla ya deni lake kumalizika.

Kinachohitajika si kila kijiji cha Mlele kupata lami, kwani hilo halilipiki. Kinachohitajika ni madaraja madogo, makalvati na changarawe katika sehemu korofi, zikipangwa kwa kufuata yanakotoka mazao na waliko wagonjwa, na orodha hiyo ijadiliwe hadharani katika baraza la madiwani kabla ya bajeti kupitishwa. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya barabara kuu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Inyonga ukuta umeshajengwa kwa fedha za mkopo, na nyufa zilizobaki ni za kuzibwa kwa fedha za ndani.