Siku za Hedhi si Siku za Dhulma, wala si Siku za Kutengana



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba mume na mke akajaalia baina yetu mapenzi na huruma. Rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Wiki hii nimeletewa barua na dada yetu mmoja. Haikupitia mkononi mwake. Aliona haya kunikabili, akampa mke wangu anifikishie. Ameniruhusu nimjibu hapa, mradi nisimtaje wala nisiutaje mji wake, kwani anaamini si peke yake mwenye jambo hili. Nami naamini hivyo hivyo.

Mumewe afanya kazi Uarabuni, na hupata likizo ya mwezi mmoja kwa mwaka. Safari hii alipofika nyumbani alimkuta mkewe yuko mwezini, siku ya tatu. Mke akamweleza udhuru wake. Mume akasema hakuvuka bahari kuja kuhesabu boriti za dari. Akamsomea aya inayosema kuwa wake ni konde, akamkumbusha hadithi ya mke anayekataa wito wa mumewe akalaaniwa na malaika hadi asubuhi. Dada yetu anaandika kuwa alikataa mara mbili, kisha akanyamaza kwa hofu, na lililotokea likatokea huku akilia. Mume amekwisha rudi kazini. Jirani mmoja, bibi mtu mzima, amemwambia kuwa nikaha yao imevunjika na kwamba tangu siku ile wanaishi katika zinaa. Sasa anauliza mambo matatu: je, nikaha ipo? Je, ana dhambi, na kuna kafara? Na akija tena mwaka ujao hali ikawa ile ile, afanyeje?

Nitayajibu yote inshallah, lakini yataka kwanza tuijue hukumu yenyewe.

Sisi tuliopitia chuoni tuliisoma Safina tungali watoto. Mwalimu alituhifadhisha mambo kumi yaliyo haramu kwa sababu ya hedhi: swala, tawafu, kugusa msahafu, kuuchukua, kukaa msikitini, na mengineyo hadi kufika la kumi, nalo ni kustarehe na kilicho baina ya kitovu na magoti. Tulipofika hapo mwalimu aliharakisha, sisi tukatazamana na kucheka, na ukurasa ukafunguliwa mwengine. Miaka ikapita, wavulana wale wakaoa wakiwa na maneno kumi kichwani na hawana maelezo hata ya moja. Mabinti walifunzwa na masomo wao namna ya kujiweka safi, lakini hawakuambiwa haki yao ni ipi mume asipotaka kusikia. Hiyo ndiyo sababu barua kama hii huandikwa.

Mwenyezi Mungu amelieleza jambo hili waziwazi katika Suratul Baqara, aya ya 222. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya hedhi, akaamrishwa ajibu kuwa hiyo ni udhia, na kwamba wanaume wajitenge na wake zao wakati wa hedhi wala wasiwakaribie mpaka watwaharike. Kujitenga huku kuna maana yake, nayo tutaiona. Wanazuoni wa Kiislamu wamekubaliana wote, bila ya madhehebu kupingana, kuwa kumwingilia mke akiwa katika hedhi ni haramu. Na damu ya nifasi baada ya uzazi hukumu yake ni hiyo hiyo.

Bwana yule alisoma aya ya konde. Ni kweli imo katika Qur'ani, lakini ni aya ya 223, nayo imefuatana na hii ya 222 kama chumba na mlango wake. Hawezi mtu kuingia chumbani kwa kuuvunja mlango kisha akadai kuwa amekaribishwa. Aya ile iliteremka kujibu waliosema kuwa mume akimjia mkewe kwa upande wa nyuma, ijapokuwa ni katika tupu ya mbele, mtoto atazaliwa na makengeza. Kwa hiyo yazungumzia namna. Wakati umekwisha kutajwa katika aya iliyotangulia. Na mkulima yeyote wa pwani hii ajua kuwa konde lina msimu wake. Halimwi kila siku kwa kuwa ni mali yake.

Ama hadithi ya kulaaniwa, inamhusu mke anayemnyima mumewe kilicho halali bila ya udhuru. Haimlazimishi mke kuingia katika haramu. Msingi wa dini yetu ni kuwa hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Mke akiitwa katika jimai ilhali yuko katika hedhi, kukataa kwake ni ibada, na kunyamaza kwake kwa khiari ndiko kwenye dhambi.

Hapo ndipo upande mmoja wa jambo. Upande wa pili nao una makosa yake, na katika majumba yetu pengine ndio mwingi zaidi. Wapo waume ambao mke akiingia mwezini wao huhamia chumba cha wageni. Wapo mama wakwe wanaomkataza mke wa mtoto wao asiguse unga wa mikate ya shughuli. Wapo wanaofua shuka aliyolalia kana kwamba jasho lake limekuwa najisi. Hayo si dini.

Anas bin Malik (R.A.) amesimulia, na Imam Muslim ameipokea, kuwa Mayahudi wa Madina mwanamke wao alipoingia katika hedhi hawakula naye wala hawakukaa naye nyumba moja. Masahaba wakamuuliza Mtume (S.A.W.), ikateremka aya tuliyoitaja, naye akawaeleza kuwa wafanye kila kitu na wake zao isipokuwa jimai. Kwa hivyo kujitenga kulikotajwa katika aya ni kujitenga na tendo lile. Mke mwenyewe hatengwi.

Na mfano bora ni nyumba ya Mtume mwenyewe. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa akiwa katika hedhi, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwamrisha ajifunge shuka, kama mwanamke wa kwetu anavyojifunga leso, kisha akawa naye karibu. Alikuwa akiegemea mapajani mwake na huku anasoma Qur'ani. Akinywa Bibi Aisha, Mtume hukipokea chombo akaweka mdomo wake pale pale alipoweka yeye. Akila nyama ya mfupa, hufanya vivyo hivyo. Na Bibi Ummu Salama (R.A.) alikuwa amelala naye chini ya blanketi moja, akahisi hedhi imemjia, akachopoka polepole kwenda kuvaa nguo zake za siku hizo. Mtume akamuuliza kama amepata hedhi. Aliposema ndiyo, alimwita arudi, wakalala pamoja chini ya blanketi lile lile. Hakumfukuza, na wala hakumwacha alale pekee na maumivu yake.

Je, mpaka ni upi hasa? Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, kauli inayotegemewa ni ile tuliyohifadhi chuoni: mume ana ruhusa ya mwili wote wa mkewe isipokuwa baina ya kitovu na magoti, na juu ya vazi hakuna ubaya. Iko kauli nyengine kuwa lililoharamishwa ni jimai tu, na Imam Nawawi, aliye nguzo ya madhehebu haya, aliiona kauli hiyo kuwa na nguvu zaidi kwa upande wa dalili. Lakini mimi nawanasihi vijana hasa washike ile ya kwanza. Mchunga anayelisha mbuzi ukingoni mwa shamba la mtu hachelewi kuwakuta ndani.

Damu ikikatika, je, basi? Hapana, bado. Aya imetaja kukatika kwa damu na kujitwahirisha pia. Kwa hiyo mume hamkaribii mkewe mpaka akoge josho la hedhi, au atayamamu ikiwa hana maji au maji yatamdhuru. Wala mke asilicheleweshe josho makusudi. Swala inamngoja kabla ya mume. Na asiharakishe kabla ya kuwa na yakini. Wanawake wa Madina walikuwa wakimpelekea Bibi Aisha pamba zenye rangi ya manjano wamuulize, naye akiwaambia wasifanye haraka mpaka waone weupe.

Wengine huuliza juu ya damu isiyokatika. Kwa mujibu wa madhehebu yetu, hedhi haipungui mchana mmoja na usiku wake, haizidi siku 15, na kwa walio wengi ni siku sita au saba. Damu inayozidi siku 15 imeingiliwa na istihadha, ambayo ni damu ya ugonjwa. Mtume (S.A.W.) alimwambia Bibi Fatima bint Abi Hubaysh kuwa hiyo ni damu ya mshipa tu. Mwenye istihadha katika siku zake za twahara huswali, hufunga, na mumewe humkaribia. Wake wanaotumia sindano za kupanga uzazi mara nyingi huchanganyikiwa hapa. Nawashauri waandike tarehe za damu yao kila mwezi, kisha wamwendee mwalimu wa kike mwenye elimu hii na daftari lao mkononi. Na wamwone daktari pia, kwani damu ndefu yaweza kuwa dalili ya maradhi.

Sasa nirudi kwa dada yetu.

Swali la kwanza: nikaha yako ipo, haikuguswa. Jambo lile ni dhambi kubwa, lakini halivunji ndoa, na mtoto anayepatikana kwalo ni wa halali, ni wa baba yake. Aliyekwambia mnaishi katika zinaa amesema asilolijua. Mwombe Mungu amsamehe, na usilibebe neno lake hata usiku mmoja zaidi.

Swali la pili: wewe ulikataa, ukatishwa kwa aya na kwa laana hadi ukashindwa. Aliyelazimishwa hana dhambi. Umma huu umesamehewa kwa kukosea, kwa kusahau na kwa kulazimishwa. Leta istighfari ili moyo wako utulie, na uswali swala zako bila ya wasiwasi. Dhambi iko juu ya mumeo. Ni wajibu wake kutubia: aache, ajute, aazimie kutorudia, na akutake radhi wewe uliyedhulumiwa. Ama kafara, imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kuwa atoe sadaka dinari moja au nusu yake. Imam Ahmad katika kauli yake mashuhuri ameiona kuwa ni wajibu. Kwetu sisi ni sunna: dinari moja ikiwa ni mwanzoni mwa damu, nusu ikiwa ni mwishoni. Dinari ni dhahabu ya takriban gramu 4.25, basi na amuulize sonara bei ya siku hiyo, awape mafukara. Asidhani kuwa fedha hiyo ni bei ya kununua ruhusa ya mara nyengine.

Nami naongeza neno kwa wasomaji wengine. Aliyefanya kwa kutojua kuwa damu imekwisha anza, au kwa kusahau, hana dhambi. Lakini akijua tu, ni lazima ajitenge papo hapo. Anayesema kuwa jambo hili ni halali, ilhali ajua kuwa Qur'ani imelikataza, huyo ndiye wa kuogopewa imani yake.

Swali la tatu: zungumza naye sasa, angali mbali, kwa upole. Mpelekee karatasi hii akitaka ushahidi. Panga naye likizo kwa kalenda ya siku zako. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu dawa ya kuchelewesha hedhi kwa sharti isidhuru na daktari ashauriwe, lakini ni khiari yako. Hana haki ya kukulazimisha uinywe. Akija hali ikawa ile ile, mkaribishe kwa yaliyo halali: mlalie kifuani, zungumzeni, leni sahani moja. Akitaka haramu, kataa, wala usiogope laana. Akikulazimisha, hiyo ni dhulma, na dhulma haina sitara ya ndoa. Waite wazee wa pande mbili. Wasipofua dafu, Kadhi yupo, na mlango wake u wazi kwa mwanamke kama ulivyo kwa mwanamume.

Nanyi wake, amana hii ni yenu. Mwenyezi Mungu amekataza mwanamke kuficha kilichomo ndani ya uzazi wake. Msiseme mko mwezini na hali hamuko, kwa kumkomoa mume. Neno lenu katika jambo hili laaminiwa kwa kuwa hakuna shahidi mwengine. Anayelichezea huwaharibia wenzake wote.

Nanyi waume wenzangu, siku sita au saba si nyingi. Mkeo katika siku hizo huumwa tumbo na kiuno, na bado hupika na kulea. Mtume wetu aliyekuwa na kazi ya umma mzima alipata nafasi ya kuegemea mapajani mwa mkewe na kunywa katika kikombe chake. Tujiulize sisi tumeshughulika na nini.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu na huruma, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutubia na wenye kujitwahirisha, kwani hao ndio awapendao. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.