Mwache dereva aseme
Wiki hii mjini Garissa niliona timu ya kukarabati visima ikikutana saa moja asubuhi chini ya mwarobaini, wote wamesimama. Dereva akasema dizeli haitoshi kwenda Dadaab na kurudi. Fundi wa pampu akasogeza safari yake hadi kesho. Wakatawanyika kabla chai haijapoa. Hata wafugaji wa huku hawahamishi ngamia kabla ya kumsikiliza mtu waliyemtuma kukagua malisho, awe na umri wowote. Aliyetoka malishoni ndiye mwenye habari. Novemba 2023, Mto Tana ulipofurika na kufunika barabara ya Madogo, nani angemshinda dereva kwa habari? Lakini katika ofisi nyingi za miradi ninazozijua, bosi huhutubia nusu saa, dereva akinyamaza. Kikao cha namna hiyo ni gwaride tu, na muda wake ungetosha kupakia vyuma garini.