Tusilaumu Kusita kwa Kipanya

Muhula huu chama chetu cha kompyuta kimegawanyika pande mbili juu ya jambo ambalo wengine huenda wakaliona dogo: je, kipanya kisite baada ya kila kubofya, au kisisite? Mimi ninao upande wangu, nami naomba nafasi katika kurasa hizi niueleze, maana jambo lenyewe lagusa alama za kila mwanafunzi wa shule hii.

Habari ni hii. Alama za mitihani hujazwa katika programu ambayo haipokei orodha nzima kwa mara moja. Hapana budi mtu abofye kisanduku, aandike alama, kisha abofye kingine. Wenzetu waliojifunza lugha ya Python wametunga programu ndogo ya kuifanya kazi hiyo badala ya mkono. Wanatumia PyAutoGUI, iliyotungwa na Mmarekani Al Sweigart. Chombo hicho kina desturi yake: baada ya kila amri, iwe ya kubofya au ya kuandika, husita sekunde 0.1. Yeyote atakaye aweza kuiondoa desturi hiyo kwa mstari mmoja tu, pyautogui.PAUSE = 0.

Vijana wa upande wa pili wasema, "Tuondoe kusita huko, kazi iende mbio!" Haya, na tupige hesabu kwanza. Tuseme wanafunzi ni 400, na kila mmoja ana masomo 9. Visanduku ni 3,600. Kila kisanduku chataka amri mbili, basi amri ni 7,200, na kusita kwote kunakula sekunde 720, yaani dakika 12. Lakini tazameni programu yenyewe. Mwenzetu aliyeitunga ameongeza, kwa hofu tu, amri ya kulala sekunde nzima baada ya kila kisanduku. Hiyo ni sekunde 3,600, saa nzima! Mla saa yuko pale ameketi, nasi twamkamata mla dakika.

Tena kusita kule hakukuwekwa bure. Mambo yakienda kombo, mtu husukuma kipanya mpaka pembeni kabisa mwa skrini, na amri inayofuata hukataa, programu ikasimama. Ile sehemu ya kumi ya sekunde ndiyo inayoupa mkono nafasi ya kufika pembeni. Ukiiondoa, kipanya chapokonywa kila ukigusapo, na wewe wabaki kushindana na mashini huku alama zinaingia mstari usio wake. Mtoto aliyepata 81 katika Hesabu atarudi kwao Ipinda na 18 ya mwenziwe, na mzazi aliyeuza mpunga ili kumnunulia sare na madaftari ndiye atakayeisoma karatasi ile. Atamwuliza nani? Kompyuta haina uso.

Mtu aweza kusema, basi tuache kama ilivyo. La, mimi pia sipendi kungoja. Njia ya kupunguza ucheleweshaji ni kupunguza amri. Ikiwa kitufe cha Tab chatoka kisanduku hadi kisanduku, kama kifanyavyo katika programu nyingi, basi alama zote 9 za mwanafunzi mmoja zaweza kuandikwa kwa amri moja, na Tab katikati yake. Kusita huja mwisho wa amri nzima, wala si baada ya kila herufi. Hapo kila mwanafunzi ana amri mbili: kubofya mwanzo wa mstari wake, na kuandika. Amri 800, sekunde 80. Kutoka dakika 12 tumefika dakika moja na kidogo, na njia ya kuokoka haikuguswa.

Na ile sekunde ya kulala? Wakulima wa hapa Kyela hawaanui mpunga kwa sababu siku fulani zimepita. Hutia punje mdomoni na kuiuma. Programu nayo iume punje. Iangalie nukta moja ya skrini, rangi yake ikoje, kwa amri pixelMatchesColor, na dirisha likiisha funguka iendelee papo hapo. Isipoona rangi hiyo kwa muda wa sekunde 10, isimame kabisa na kumwita mtu. Isiendelee kwa kubahatisha. Wako wanaopenda kuitafuta picha nzima ya kitufe katika skrini nzima. Hilo huweza kula sekunde moja au mbili kila mara, na likitumiwa kwa kila kisanduku tutakuwa tumerudi kule kule kwenye saa nzima na kupita.

Nakiri kwamba kompyuta kuukuu huenda ikameza tarakimu zikiandikwa upesi mno. Dawa yake ni kuweka nafasi ndogo kati ya herufi, na kuzisoma alama upya baada ya kazi kwa kuzilinganisha na karatasi ya mwalimu. Ningependa wenzangu wa chama tujaribu kwanza kwa majina ya uongo, mwalimu wa taaluma akiwapo, kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula. Jumamosi yoyote baada ya usafi yatosha.