Maoni ya Mtahini: Mvua Ilinyesha kwa Sababu Gani?

Kuna jibu moja ambalo hurudi kila msimu wa kusahihisha. Mtahiniwa akikutana na mganga, zimwi au mzimu katika hadithi, huandika haraka: "Hii inaonyesha ushirikina na ujinga wa watu wa zamani." Kisha huhamia hoja nyingine. Jibu hilo halipati alama nyingi, nami naona ni haki. Mwanafunzi amefunga mlango kabla ya kuchungulia ndani.

Ili kueleza ninachomaanisha, nitamtumia Grace Ogot. Wanaosoma fasihi ya kutisha ya Ulaya humtaja Mary Shelley, aliyechapisha Frankenstein mwaka wa 1818. Mwanafunzi wa Kericho au Bomet hana haja ya kuvuka bahari. Akiteremka kutoka kwenye mashamba ya chai hadi Ahero, tayari ameingia katika nchi iliyomlea Ogot. Alizaliwa mwaka wa 1930, akasomea uuguzi Uganda na Uingereza, na baadaye akawa mbunge wa Gem na waziri msaidizi. Riwaya yake The Promised Land ilitoka mwaka wa 1966, nayo diwani ya hadithi fupi, Land Without Thunder, ikatoka mwaka wa 1968. Alifariki mwaka wa 2015. Wengi humsifu kwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kuchapisha riwaya kwa Kiingereza. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini kwangu urithi wake mkubwa ni namna alivyoutumia woga.

Chukua hadithi yake The Rain Came. Ukame umeingia. Mganga anasema kwamba Oganda, binti wa pekee wa mtemi Labong'o, lazima atolewe kwa zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe. Wazee wanapokutana, Oganda anadhani wanajadili ndoa yake. Hapo pana kinaya kikali. Kijiji kinasherehekea, naye anaandaliwa kama bibi arusi ilhali anapelekwa kufa. Mwishoni Osinda, mpenzi wake, anamwokoa njiani. Na mvua inanyesha.

Hapo ndipo ningependa usimame. Mvua imenyesha ingawa zimwi halikupata chochote. Je, mganga alikosea? Je, mizimu ilidanganywa? Au mvua ingenyesha tu, hata kama msichana hangeguswa? Ogot hajibu. Anakuachia swali, na ukiliuliza unaona kwamba anayetisha zaidi katika hadithi si zimwi, maana zimwi halionekani kabisa. Wanaotisha ni watu wema, wenye kiu, wanaoimba huku wakimsindikiza mtoto wa mwenzao.

Soma pia Tekayo. Mzee anaonja ini ambalo hajui limetoka kwa mnyama gani, na tamaa ya kulipata tena inamgeuza mwindaji wa watoto wa ukoo wake mwenyewe. Kuita hadithi hiyo "ushirikina" ni kukosa maudhui yake. Inahusu tamaa, na mlinzi anayewala wale aliopewa awalinde.

Kuna watakaonipinga. Watasema hadithi kama hizi zinawafanya vijana waamini uchawi. Pingamizi hili lina uzito. Katika The Promised Land, Ochola anapougua, hospitali inashindwa na mganga wa kienyeji ndiye anayemponya, na hayo yameandikwa na muuguzi! Isitoshe, hatuishi mbali na madhara ya imani hizo. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, jirani zetu, watu 11 walioshukiwa kuwa wachawi walichomwa hadi kufa. Wengi wao walikuwa wanawake wazee.

Lakini tukio hilo ndilo linalonifanya nishikilie msimamo wangu. Umati ule haukukosa hadithi za kutisha. Kila jamii inazo. Sisi Kericho na Bomet tuna Chemosit, ambaye watoto wengi wa Kikipsigis wametishwa naye ili wasitoke nje usiku. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: anayesema huyu ni mchawi ni nani, na anafaidika vipi? Ogot anakufunza kuuliza hivyo ukiwa umeketi salama na kitabu, kabla hujasimama katika umati wenye viberiti.

Kwa hivyo, mtahiniwa, kitisho kikitokea katika kitabu chochote utakachotahiniwa, jiulize mambo matatu. Nani anaogopa? Nani ana mamlaka ya kutaja kinachoogopwa? Nani analipa? Katika The Rain Came, kijiji kinaogopa, mganga anataja, na msichana ndiye anayetakiwa kulipa. Ukiandika hivyo na kuthibitisha kwa matukio ya hadithi, utakuwa umejadili nafasi ya mwanamke, uongozi na kinaya katika aya moja, na mtahini hatakuwa na sababu ya kukunyima alama.

Neno "ushirikina" unaweza kuliandika. Liandike mwisho, baada ya kueleza nani alikuwa anauhitaji.