Mlango wa kota uko gheto kwangu

Wiki hii sina stori ya disko wala ya mademu, mtanisamehe. Nina kesi ya mlango, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Gheto langu, chumba kimoja uswahilini hapa hapa Dar, lilikuwa na mlango kama wa banda la kuku. Nikimlalamikia mama mwenye nyumba ananijibu, "Mwanangu, wewe lipa kodi, mlango jitegemee." Nikajibana, nikaenda kwa fundi mmoja anayeuza milango na madirisha yaliyotumika, nikapata kitu cha mninga, kizito, watu wawili tunakibeba tunahema. Elfu arobaini tu! Aliyewahi kuuliza bei ya mninga mpya anajua hapo nilitakiwa kushituka. Sikushituka. Nilishangilia.

Jumapili nikaanza kuupiga msasa. Rangi ya kijivu ikatoka, chini yake ikajitokeza namba nyeupe: 9. Na pale kwenye kitasa, mbao imechimbwa kwa bisibisi. Jamani, lile shimo nililichimba mimi! Nilikuwa darasa la sita, mshikaji wangu akapoteza ufunguo wa kwao, tukachokonoa mpaka pakafunguka. Dingi yake alitutandika wote wawili.

Kwao ni kota namba 9, nyumba ya serikali, mitaa miwili kutoka hapa ninapokaa. Mzee alikuwa mtumishi, na serikali ilipohamia Dodoma naye akahamishwa, mwaka 2017, akaondoka na familia nzima. Kabla ya kufunga mizigo aliandika barua ofisini kwamba bati moja juu ya jiko limetoboka, linavuja. Bati moja! Ofisi ikasema sawa, haingii mpangaji mwingine mpaka nyumba itengenezwe. Ikapigwa kufuli.

Yaliyofuata sisi wa kijiweni ndio mashahidi, maana kijiwe chetu kinatazamana nayo. Masika ya kwanza dari ikalowa, ikaanguka. Wakaja jamaa na futi kamba, wakapima, wakaandika, wakachapa lapa. Tukasikia pesa ni mpaka bajeti ya Julai. Julai ikaja, ikapita. Vioo vikaondoka, halafu mabomba, halafu nyaya za umeme. Wale wa futi kamba wakarudi, na kwa vile sasa palikuwa na mengi ya kuandika, makisio yakapanda. Makisio yakipanda, faili linakwenda kwa mkubwa zaidi aidhinishe. Likiwa bado kwa mkubwa, sinki nalo likaondoka. Mwizi hana faili, wala hangoji Julai.

Basi baada ya ule msasa nikaenda ofisini. Sio kurudisha mlango, uongo mbaya; nilikwenda kuomba nyumba. Nilikuta mama mmoja wa makamo anakunywa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, sema."

Nikamwaga sera. Nipeni namba 9 kama ilivyo, mimi na washikaji wawili, mmoja fundi wa mabati. Tutatengeneza wenyewe, mtukate kwenye kodi polepole.

"Ile haikaliki, mwanangu."

"Itakalika lini, mama?"

"Ikishatengenezwa."

"Na itatengenezwa lini?"

"Si mpaka ipangwe." Akanitazama kwa huruma kabisa, sio mtu mbaya yule, akanikaribisha chai. Nikanywa, nikaondoka.

Na nyumba hizi zenyewe sio kwamba zimejaa tele. Kuanzia mwaka 2002 maelfu ya nyumba za serikali waliuziwa watumishi, sisi tuliozaliwa karibu na miaka hiyo tukakuta wenzetu wameshakula na kunawa. Zilizobaki ndiyo hizo, nyingine zinaota majani mpaka sebuleni.

Msiniambie haiwezekani. Kota za Magomeni zilibomolewa, kaya 644 zikatawanyika kupanga huku na kule, kiwanja kikakaa kitupu miaka kadhaa. Mwaka 2016 Rais Magufuli akafika pale, ikaamuliwa zijengwe ghorofa, na Machi 2022 Rais Samia akazizindua. Kumbe ikitakiwa, inawezekana. Ila namba 9 haikuwa na haja ya rais kuja. Ilikuwa na haja ya bati moja na fundi mwenye ngazi. Au hata wangeacha mtu akae humo bure, awe anakinga ndoo jikoni. Angeng'olewa nani mlango watu wamelala ndani?

Huo mlango wangu nimeufunga. Upande wenye namba nimeuelekeza ndani, sitaki maswali ya wapita njia. Usiku nikiwa nimelala naitazama ile 9, usingizi unakuwa wa taabu kidogo, maana nimelipia wizi kwa hela yangu halali ya deiwaka.

Wakubwa wa faili wakitengeneza ile nyumba, nitaubeba mwenyewe kichwani niwapelekee, nadai elfu arobaini yangu basi. Ila wafanye haraka. Juzi mama mwenye nyumba kauona mninga, kaugonga kwa vidole, akasema chumba sasa kimekuwa cha hadhi: kodi imepanda, na anataka ya miezi sita kabla ya tarehe 30.