Muundi ukivunjika na ngozi ikapasuka

Kwenye barabara ya Iringa kwenda Dodoma, Mtera ni mahali pa kununua samaki, na samaki siku hizi husafiri kwa bodaboda. Pikipiki ikianguka, mara nyingi kinachovunjika ni muundi. Nyumbani huanza mabishano: bibi anamtaka fundi wa kuunga mifupa, baba mdogo anahesabu nauli ya Dodoma. Ngozi ikiwa imepasuka, hapana cha kubishania.

Kidonda kinachofika mfupani ni mlango wa vijidudu. Mishipa ya damu pale imekatika, hivyo dawa inayosafirishwa na damu hufika kwa shida. Usaha ukishaingia mfupani huweza kukaa miaka, na wapo waliokatwa mguu kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana wataalamu wanatafuta namna ya kuiweka dawa palepale. Mojawapo ni haidrojeli. Jina ni geni, kitu si kigeni: mama aliyeona pampasi ikipasuka ameziona zile chembe zilizovimba kwa maji. Ya mfupani hutengenezwa kwa vitu vinavyoyeyuka mwilini, kama jelatini. Huchanganywa na dawa, hujazwa penye ufa, na dawa hutoka kidogo kidogo kwa siku au wiki. Mengi bado yako maabara, kwa hiyo anayeuza "jeli ya mifupa" mtaani asisikilizwe.

Hapa nchini Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pamoja na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wamechunguza njia ya bei nafuu zaidi: kudunga jentamaisini, dawa ya zamani, moja kwa moja kwenye jeraha la muundi. Ni majimaji, hayakai pale muda mrefu, jeli ingeyashikilia.

Lakini si jeli wala sindano itakayomwokoa aliyefungwa vijiti nyumbani siku nne. Antibayotiki inatakiwa mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja, na kwa mtu wa Mtera saa hiyo huishia njiani. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu apate sindano ya kwanza na ya pepopunda, ndipo apewe rufaa ya Dodoma.

Kabla ya kuondoka, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi. Mfupa uliotokeza usirudishwe ndani. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya breki: hapana. Mguu ufungwe kwenye ubao bila kubana, vidole viachwe wazi, na vikifa ganzi au kubadilika rangi, kamba ilegezwe mara moja.