Barua ya Uhamisho Ifike Benki Kwanza

Ndugu zangu wa Tunduma na mkoa mzima wa Songwe,

Nawaandikia kutoka El Paso, Texas, mji wa mpakani kama wetu. Ng'ambo ni Mexico, na malori hupanga foleni darajani tangu alfajiri. Kila ninapoyaona naikumbuka foleni ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, madereva wakinywa chai wima kando ya barabara, wabadilisha fedha wakiwaita wapita njia na bunda la kwacha mkononi. Nimekaa huku miaka mingi, lakini harufu ya dizeli asubuhi bado hunirudisha nyumbani.

Kilichonifanya nishike kalamu ni simu ya mdogo wangu. Yeye amevaa sare pale mpakani, na wiki mbili zilizopita alipata uhamisho kwenda Kigoma. Ametakiwa aripoti kituo kipya haraka. Nyuma anaacha nyumba aliyoijenga Mpemba kwa mkopo wa benki, hati ikiwa imewekwa rehani. Alimwita mthamini ili ajue akiiuza atapata nini. Mthamini akampa shilingi milioni 48. Benki inamdai milioni 62. Akaniuliza, "Dada, nitaihamaje nyumba yenye deni kubwa kuliko yenyewe?"

Swali hilo nimelibeba mwenyewe. Ndiyo maana jibu langu nawaandikia ninyi nyote: askari polisi, wanajeshi, magereza, uhamiaji, na watumishi wengine ambao barua moja ya mwajiri huweza kuwahamisha kutoka Tunduma hadi Mtwara.

Mume wangu ni mwana wa Mbozi. Alijiunga na jeshi la nchi kavu la Marekani, na mwaka 2007 tulinunua nyumba Hinesville, Georgia, jirani na kambi ya Fort Stewart. Askari wa huku wana mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali, nao hauhitaji kutanguliza hata senti moja. Ada ya dhamana, zaidi ya asilimia 2 ya mkopo, iliongezwa juu ya deni. Kwa hiyo siku tuliyokabidhiwa ufunguo tayari tulidaiwa zaidi ya bei ya nyumba. Hatukuona tatizo, maana bei zilikuwa zikipanda kila mwaka. Ukaja msukosuko wa 2008, bei zikaporomoka. Mwaka 2011 ikafika amri ya kuhamia Fort Bliss, hapa El Paso. Nyumba tuliyoinunua dola 150,000 sasa ilikuwa na thamani ya 118,000.

Marekani ilikuwa imewaona watu wa aina yetu. Tangu 1966 wizara ya ulinzi ilikuwa na mpango wa kuwasaidia wenye nyumba waliopata hasara kambi zilipofungwa. Mwaka 2009 mpango huo ukapanuliwa na kutengewa dola milioni 555, ukawafikia pia askari waliohamishwa, na baadhi yao waliweza kurudishiwa hadi asilimia 90 ya bei waliyonunulia. Lakini uliwataka wawe wamenunua kabla ya Julai 2006. Sisi tulikuwa wa 2007. Kuna pia sheria ya 2003 inayozuia riba kupita asilimia 6 kwa askari, ila kwa mkopo aliouchukua kabla ya kuingia jeshini. Mume wangu alikuwa tayari jeshini. Nikajifunza kwamba hata msaada mzuri una tarehe zake, na anayeuliza akiwa amechelewa hukuta mlango umefungwa.

Kosa letu kubwa, hata hivyo, halikuwa la sheria yoyote. Tulinyamaza. Tuliona haya kumwambia mkopeshaji kwamba hatuwezi kulipa nyumba mbili. Tukampangisha mtu nyumba ya Hinesville huku tuko mbali. Kodi haikutosha rejesho, miezi miwili nyumba ikakaa tupu, bomba likapasuka na hapakuwa na mtu wa kutuitia fundi. Tukaruka rejesho moja, kisha la pili. Barua za benki zilikuja, nami nikazificha kwenye droo jikoni ili mume wangu asizione akirudi mazoezini. Tulipojitokeza hatimaye, tuliambiwa kumbe tungeweza kuomba tangu siku ya kwanza kuuza kwa bei ya soko kwa ridhaa ya mkopeshaji, na idara ya maveterani ichangie pengo. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni, mwaka 2013, lakini kwa bei mbaya zaidi na jina letu likiwa limeshachafuka kwa wakopeshaji. Mwaka mmoja kabla yake, 2012, mamlaka inayosimamia mashirika makubwa ya mikopo ya nyumba ilikuwa imetangaza kwamba amri ya uhamisho peke yake ni sababu tosha kwa askari kuomba kuuza hivyo, hata kama hajaruka rejesho lolote. Kumbe mtu aliyehamishwa hakuhitaji kuwa mdaiwa sugu ndipo asikilizwe.

Sasa nirudi Mpemba, maana Tunduma si Georgia.

Kwanza, jua una mkopo wa namna gani. Wengi wetu hujenga kwa mkopo wa mshahara. Huo hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi, na utakufuata Kigoma au Pemba bila kuuliza nyumba iko wapi. Kama hati haikuwekwa rehani, nyumba ni yako huru: unaweza kuipangisha au kuiuza bila benki kuingilia. Ugumu wake uko kwenye mfuko, maana makato yakishakula hadi kubaki theluthi moja ya mshahara, hutapata mkopo mwingine wa kujenga kituo kipya. Lakini kama hati iko benki, kama ya mdogo wangu, huwezi kuiuza nyumba bila benki kukubali. Usikubali mnunuzi wa pembeni akupe fedha taslimu kwa karatasi ya mkono, akiahidi atakuwa anakulipia marejesho. Siku akiacha kulipa, anayedaiwa ni wewe.

Pili, elewa kwa nini deni limeipita nyumba, ili usijilaumu bure. Miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho huenda kwenye riba, deni lenyewe likipungua taratibu. Ulinunua simenti, nondo na bati, ukalipa mafundi, ukasomba mchanga na maji. Mnunuzi halipi gharama hizo. Analipa anachokiona, na mahali kilipo. Tena bei za mji wetu zinategemea mpaka. Malori yakilala, vyumba hujaa; yakipungua, hata kodi hushuka.

Tatu, zipo njia, na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni kuipangisha. Fanya hesabu kwenye karatasi: tuseme rejesho ni laki sita kwa mwezi na kodi ni laki mbili na nusu. Pengo ni laki tatu na nusu, na utalitoa kwenye mshahara huohuo unaokulipia pango Kigoma. Ukiweza kulibeba miaka miwili mitatu mpaka deni lishuke, beba. Tafuta msimamizi unayemwamini, andikianeni mkataba, weka akiba ya matengenezo. Msimamizi awe jirani anayeweza kufika siku bomba linapopasuka.

Njia ya pili ni kwenda benki kuomba mkopo upangwe upya: muda uongezwe ili rejesho lipungue, au upewe miezi michache ya kupumua wakati unahamisha familia. Riba ya jumla itaongezeka, hilo lazima ulijue, lakini jina lako litabaki safi.

Njia ya tatu ni kuuza kwa ridhaa ya benki, kwa bei ya soko, na salio ligeuzwe mkopo wa kawaida unaokatwa kwenye mshahara. Kwa mdogo wangu salio hilo ni milioni 14. Ni chungu, lakini linahesabika na lina mwisho. Ikiwa mnunuzi mwenyewe anakopesheka, benki inaweza pia kufikiria kumhamishia mkopo kwa mkataba mpya, nawe ukafunguliwa.

Njia ya nne ni wewe kwenda na familia kubaki Mpemba kwa muda. Huokoa pango la pili, lakini hula nauli na hula ndoa. Kaeni na mama watoto mliamue pamoja. Sheria ya Ardhi inataka mwenzi wa ndoa aridhie nyumba ya familia inapowekwa rehani. Aliyetakiwa kuridhia wakati wa kukopa hastahili kufichwa wakati wa shida.

Njia ya tano ni kuondoka kimya, na hiyo nawasihi msiifuate. Sheria inaitaka benki ikupe taarifa ya siku 60 kabla ya kuuza, na dalali atangaze mnada kwa siku zisizopungua 14. Benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri, na nyumba ikiuzwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, mahakama huweza kuchukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Hizo ni haki zako, lakini anayeishi Kigoma hasomi tangazo lililobandikwa Tunduma. Nyumba itauzwa kwa bei ya mnada, salio litaendelea kukudai, na taarifa zako zitaingia kwenye kanzidata za wakopaji zinazosomwa na mabenki nchi nzima.

Ninayo maneno pia kwa wenye mamlaka na wenye mabenki. Mikopo ya nyumba ya muda mrefu ilipata nguvu nchini baada ya sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC mwaka 2010, inayowapa mabenki fedha za kukopesha kwa miaka mingi. Ni hatua njema. Lakini askari anayesaini mkataba wa miaka 15 au 20 anajua, na benki inajua, kwamba atahamishwa kabla haujaisha. Basi jambo hilo liandikwe ndani ya mkataba: akipata uhamisho wa kikazi, apewe miezi kadhaa ya nafuu, na ombi lake la kuuza kwa bei ya soko lisikilizwe kabla hajaanza kudaiwa malimbikizo. Mwajiri naye atoe barua ya uhamisho mapema na alipe posho kabla ya safari. Anayelinda mpaka wa nchi hakuchagua kuhama. Ameagizwa. Si haki agizo la wote likawa hasara ya mmoja.

Mdogo wangu, nakujibu mbele ya watu kwa sababu najua wako wengi wanaoficha barua kwenye droo kama nilivyoficha mimi. Kabla hujafunga mizigo, kabla hujakata tiketi, chukua barua ya uhamisho, ripoti ya mthamini, mkataba wa mkopo na hati ya mshahara ya mwezi huu. Nenda na mkeo. Mwambie afisa mikopo ukweli wote kwa tarakimu, uombe jibu kwa maandishi, na ubaki na nakala. Nenda wakati hudaiwi hata rejesho moja, maana siku hiyo sauti yako ina uzito zaidi kuliko itakavyokuwa siku nyingine yoyote.

Mimi na shemeji yako tumekubaliana kubeba sehemu ya pengo kwa mwaka mmoja, ukiamua kuipangisha. Nyumba ile baba alikuja kuiona ikiwa msingi tu, akasimama pale ambapo ungekuja kuwa mlango. Nakuomba tuihangaikie, lakini ikibidi iuzwe, iuzwe mchana, kwa mkono wako mwenyewe.

Nisalimieni Vwawa, Mlowo, Itumba na Mkwajuni. Nasubiri simu yako ukitoka benki.

Dada yenu,
El Paso, Texas